Barua Ambayo Bi Atija Hakuitia Dole

Kijana wa ofisi ya kata alinisogezea kikopo bapa cha wino wa zambarau, akasema, "Bibi, weka dole gumba humu, halafu hapa chini." Nikamwambia najua kuandika jina langu, tena kwa herufi za aina mbili, za Kiarabu na hizi za serikali. Akatabasamu. "Najua, bibi. Lakini karatasi ya mirathi inataka vyote viwili, sahihi na dole." Nikazamisha dole. Wino ule una harufu yake kali, kama mafuta ya taa yaliyokaa siku nyingi ndani ya chupa, na haijabadilika tangu utoto wangu. Iliponifika puani mkono wangu ukasimama hewani. Mirathi ilikuwa ya Bi Atija, ambaye arobaini ya kifo chake ilitimia wiki ile. Mimi kimawazo nilikuwa nimesharudi ndani ya ghala la korosho la kijijini kwetu, jirani na Mahurunga, kalamu mkononi, na watu wazima wamenizunguka wakisubiri niandike.

Bi Atija alikuwa mke wa mjomba wangu. Mama alipofariki, nikiwa sijajua hata kutawadha, yeye ndiye aliyenibeba na kunilea. Alizaliwa upande wa pili wa Ruvuma, Msumbiji, akavuka wakati wa vita akiwa msichana. Mjomba alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Mtwara na nyumbani alikuja kwa nadra, kwa hiyo muda mwingi tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na mihogo yetu, na mikorosho michache nyuma ya nyumba. Watu walimwita Atija wa Ng'ambo. Nilidhani wanamwita hivyo kwa mapenzi.

Mtu mwingine aliyevuka mto ule alikuwa Maalim wetu, mwalimu wa chuo cha Kurani. Yeye alivuka mapema zaidi, akiwa bado mvulana, akatiwa jandoni kwetu, akaoa kwetu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila aya niliyonayo kifuani imepita kinywani mwake kwanza. Serikali ilipoleta masomo ya watu wazima, naye aliandikishwa. Alikuwa amehitimu Kurani yote na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kama ushanga, lakini kwenye daftari la kisomo aliandikwa kuwa hajui kusoma. Hakulalamika. Alikaa juu ya gunia pamoja na wengine, akachora "a" na "e" kwa ulimi uliotoka kidogo pembeni mwa mdomo.

Darasa lilikutana ghalani baada ya sala ya alasiri, kwa kuwa msimu wa korosho ulikuwa umekwisha na ghala lilikuwa tupu. Mwalimu wao alipougua na kulazwa hospitali Mtwara, alinichagua mimi, mwanafunzi wa darasa la tano, niwe nawasomea vitabu mpaka atakaporudi. Wenzangu walinionea wivu. Nilivimba kichwa, nikiri.

Kitabu chenyewe kilikuja katika sanduku la vitabu vya kisomo kutoka wilayani. Kilikuwa chembamba, jalada la kijani, na nyuma yake kulikuwa na picha ya mtu mwenye miwani. Tukamtambua. Mwaka uliotangulia alikaa kijijini kwetu siku tatu, akitembea na madaftari, akiuliza hadithi na nyimbo. Sisi tulidhani ametoka Naliendele kwa wale wataalamu wa mikorosho, na hizo hadithi anauliza kwa adabu tu kabla ya kuingia katika jambo lake. Bi Somoe, mwenyekiti wa darasa, alimburuta shamba lote akimwonyesha majani yenye unga mweupe. Yule bwana akawa anaandika tu. Bi Somoe alisubiri dawa mwaka mzima, na badala ya dawa kikaja kitabu.

Siku za mwanzo tulikisoma kwa raha. Kijiji cha kitabuni kilikuwa na mto kama wetu, na ghala, na mwanamke mwenye maneno mengi ambaye kila mtu alimtambua isipokuwa Bi Somoe mwenyewe. Siku ya nne tukafika sura ya mwalimu mmoja wa chuo. Nikasoma jina lake. Nikasoma kwamba alipokuwa mtoto alipelekwa kulinda mpunga, akasinzia juu ya dungu, kile kichanja cha kuwingia ndege, na ndege wakala shamba lote mpaka walipomwamsha kwa kelele za shibe.

Watu wakacheka. Maalim hakucheka.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Rudia jina."

Nikalirudia. Akasimama, gunia likamng'ang'ania kanzuni. "Nani kati yenu amempa mtu huyu jina langu?"

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Mtu akitoka jandoni au unyagoni huliacha jina lake la utotoni hukohuko, kama nguo aliyoingia nayo. Kuanzia hapo ana jina jipya. Anayemwita kwa lile la zamani amemvua mbele za watu, na siku hizo palikuwa na watu waliopigana kwa sababu hiyo na kupatanishwa kwa mbuzi. Jina lile la Maalim sitaliandika hapa. Nimezeeka nikilijua na nitakwenda nalo.

Kijijini kwetu hakuna aliyelijua, kwa sababu alilivua kabla watu hawajamzoea. Lakini palikuwa na mtu mmoja aliyezaliwa kijiji kimoja naye, ng'ambo. Macho yakaanza kugeuka taratibu, gunia moja hadi jingine, yakaishia kwa Bi Atija. Yeye hakumtazama Maalim, wala Bi Somoe. Alinitazama mimi. Nililiona jicho lile na nikaliogopa. Nikajiambia: hili ni jicho la mwizi anayeomba asisemwe.

Kesho yake wakakubaliana kumwandikia mwandishi barua ya darasa zima. Niliandika mimi, juu ya karatasi mbili zenye karatasi ya kaboni katikati, ili nakala ibaki. Nilitarajia barua fupi yenye hasira. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake la kumkosoa yule bwana.

"Andika kwamba kitabuni mwake watu wanaokota korosho wakati wa masika," alisema mzee mmoja. "Masika! Korosho za wapi hizo?"

"Na kisamvu," akadakia mwingine. "Kinatiwa chunguni bila kutwangwa. Wale watu ni mbuzi?"

"Andika maji ya mto huku chini hayanyweki bahari ikijaa, yanageuka chumvi. Yeye kamnywesha bibi harusi."

"Labda bibi harusi alikuwa na kiu."

"Wewe nyamaza, hapa tunaandika barua."

Bi Somoe alitaka iandikwe kuwa yule mwanamke wa maneno mengi hana mfano wake popote duniani. Hakuna aliyepinga. Mwisho Maalim akasema maneno yake, polepole, nami nikayaandika kama alivyosema: "Sisi sote tulioweka majina yetu hapa tunashuhudia kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekupa jina hilo. Basi tutajie aliyekupa."

Wakaanza kupita mmoja mmoja. Nilikuwa nimewaandikia majina kwa namba, na mbele ya kila jina nimeacha nafasi. Waliojua kuandika waliandika, wakitokwa na jasho. Wengine walizamisha dole katika wino wa zambarau na kuligandamiza kwa nguvu kana kwamba karatasi itakimbia. Maalim alikuwa wa kwanza, akaandika kwa herufi mpya alizojifunza. Namba kumi na tatu alikuwa Bi Atija. Alipoitwa alibaki ameketi.

"Sitii," alisema.

"Hutii nini?" Bi Somoe aliuliza. "Jina au dole?"

"Vyote."

"Kwa nini, dada yangu? Una sababu?"

"Barua inasema hakuna hata mmoja wetu. Mimi silijui hilo. Maalim mwenyewe ametufundisha, kuweka mkono ni kushuhudia. Nisichokijua sikiwekei dole."

Maalim alifumba macho. Bi Somoe akasema taratibu, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko makelele, "Basi tumeelewa."

Mjomba alipokuja kutoka bandarini, wazee walimwita. Sikuwapo, lakini nilijua neno walilompa, maana kijiji kizima kililijua: jibu la mwandishi likija na kumtaja Atija, atavushwa mto arudi kwao. Mtu aliyeweza kumvua mwalimu wa Kurani nguo mbele za watu asingeweza kuishi katikati ya watu hao. Mjomba alirudi nyumbani, akala, akarudi kazini siku ya pili.

Tukaanza kusubiri. Wanawake waliokuwa wakija kutwanga nasi wakaanza kutwanga kwingine. Bi Atija alipofika kisimani, mazungumzo yalikatika, yakaanza tena kwa habari ya mvua. Maalim aliitika salamu yake, kwa kuwa kuitika salamu ni wajibu, lakini aliitikia ardhi. Bi Atija hakujitetea kwa yeyote. Alikuwa anamenya mihogo, anaswali, ananichana nywele. Na mimi, niliyelala kitanda kimoja naye, nilimshuku kuliko wote.

Siku moja Bi Somoe aliniita jikoni kwake, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma.

"Yule mgeni wa miwani alikuja kwenu?"

"Alikuja. Alipewa uji."

"Atija alizungumza naye?"

"Alizungumza."

"Walicheka?"

"Walicheka."

Yote yalikuwa kweli. Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba ulimi una hisabu, na kila nikifika katika somo hilo ninaikumbuka ladha ya muhogo ule.

Sikuishia hapo. Bi Atija alikuwa na sanduku la mbao alilolifunga kwa kamba. Alipokwenda shamba nililifungua. Ndani, chini ya kanga, nikakuta daftari lake la kisomo. Niliona kurasa nne nzima zimejaa neno moja, mstari kwa mstari, mwandiko wa kupinda unaonyooka kadiri unavyoshuka. Lilikuwa jina langu. Jina langu la utotoni, lile nililokuwa nalo wakati huo. Nikaona sasa nimeijua siri: amekwisha kuuza jina la Maalim, sasa anajizoeza kuliandika langu ili nalo ampelekee yule bwana wa miwani. Kwa nini mtu mzima akeshe na jina la mtoto, kama si kwa kulitoa? Nikamkimbilia Bi Somoe na hilo pia. Alilipokea kama mtu aliyepokea mzigo mwepesi kuliko alivyotarajia.

Jibu lilikuja kupitia shuleni, ndani ya bahasha ndefu. Siku hiyo ghala lilijaa, hata wasiosoma kisomo walikuja, wakasimama mlangoni. Mjomba alikuwapo. Bi Atija aliketi palepale alipoketi siku zote, ila pande zote mbili za gunia lake palikuwa wazi.

Nikaanza kusoma. Mwandishi alitusalimu kwa adabu. Aliomba radhi kuhusu korosho, akasema amezaliwa bara na hakuwahi kuona mkorosho ukiwa na matunda. Kuhusu kisamvu aliomba radhi mara mbili. Watu wakaanza kulegea, mtu akasema, "Kumbe mtu mwenyewe mwungwana." Nikageuza ukurasa. Anayesoma kwa sauti hujifunza upesi kutanguliza macho mbele ya mdomo, na macho yangu yakafika kabla yangu.

Yeye, aliandika, hakujua kama jina lile ni la mtu yeyote. Alilisikia katika wimbo wa kumenyea mihogo, pamoja na habari ya dungu na ndege, likampendeza, akampa mtu wake wa kubuni. Aliyemwimbia alikuwa msichana mwembamba mwenye jino la mbele lililokatika, katika nyumba aliyopewa uji.

Ulimi wangu ukagusa jino langu la mbele, pale lilipokatika.

Wimbo ule nilikuwa nimeuimba maisha yangu yote. Watoto wote wa kijiji walijifunza kwetu, wakauimba majikoni, mahali ambapo Maalim hapiti. Sikupata kujua kwamba neno lile la katikati ni jina la mtu, sembuse mtu aliyekuwa akinishikia ubao wa Kurani kila asubuhi. Nikairuka sehemu ile. Nikashuka mpaka chini ya ukurasa, nikasoma, "Nawasalimu wote, wenu mtiifu," nikakunja karatasi.

"Hakumtaja mtu?" Maalim aliuliza.

"Hakumtaja."

Bi Somoe akajipiga kofi pajani. "Kamficha! Kama hakumtaja, basi kamficha, na anayefichwa tunamjua." Sauti zikainuka. Mtu mlangoni akasema liamuliwe leo, mtumbwi upo. Mjomba alikuwa akitazama mikono yake. Mimi nilikuwa nimeishika barua, nikijua kwamba nikinyamaza tu, bila kusema neno lolote la uongo zaidi, yote yatakwisha na mimi nitabaki salama.

Bi Atija akasema, si kwa nguvu, "Mwanangu."

Nikamtazama. Lilikuwa jicho lilelile la siku ya kwanza. Safari hii nililisoma vizuri. Halikuwa jicho la mwizi. Alikuwa ameogopa kwa ajili yangu tangu siku ile, na bado alikuwa akiogopa.

"Macho yako yalisoma mahali ambapo mdomo wako haukupita," alisema. "Barua ya watu ni amana. Isome yote. Mimi niko hapa."

Nikaikunjua. Sijui nilisomaje, nakumbuka tu kwamba herufi zilikuwa zinaogelea na kwamba nilipofika kwenye jino nilifunika mdomo kwa kiganja. Nilipomaliza, Bi Somoe akasema, "Kumbe ni mtoto," na katika sauti yake kulikuwa na kitu kama njaa.

Bi Atija alisimama. "Wimbo nimemfundisha mimi, na mimi nilifundishwa na mama yangu, kabla sijavuka mto. Nilipolisikia jina humu ndani nilijua limetoka wapi. Ningesema nini? Ningesema, mpigeni huyu? Watoto wenu wote wanauimba, na hakuna aliyejua kuwa ndani yake yumo mtu." Akamgeukia Maalim, na akainamisha kichwa kidogo kama anavyostahili mwalimu. "Maalim, unisamehe. Jina lile lilikuwa limelala ndani ya kitabu na ndani ya wimbo. Aliyesimama mbele ya watu akasema ni lake, ni nani?"

Midomo ya Maalim ilitembea, nadhani alikuwa akivuta istighfari. Kisha akaniomba ile nakala ya barua yetu niliyoihifadhi. Akachukua kalamu, akatafuta jina lake, la kwanza kabisa, alilolichora kwa jasho, akalipiga mstari. "Nilishuhudia nisichokijua," alisema. "Nipe udhuru, Atija." Akaitoa ile karatasi kwa mikono miwili, akampa.

Nisidanganye kwamba kijiji kilibadilika jioni ile. Wapo waliomwomba radhi, na wapo waliosema kwa miaka kwamba maji ya ng'ambo hayachanganyiki. Bi Somoe alimkumbatia mbele ya watu wote, na hata hivyo hakutwanga tena kwetu mpaka alipokufa. Mimi sikuchapwa. Usiku huo sikulala, nikamwambia Bi Atija habari ya sanduku na daftari. Akacheka mpaka akakaa kitandani. "Mwalimu alisema tuanze na jina tunalolipenda," alisema. "Wenzangu walianza na yao."

Nakala ile niliikuta sandukuni mwake baada ya arobaini, pamoja na lile daftari. Jina la Maalim lina mstari juu yake. Namba kumi na tatu ina jina lililoandikwa na mkono wangu wa kitoto, na mbele yake nafasi tupu.

"Bibi," kijana wa kata alisema, "wino utakauka."

Nikamwomba anisomee kwanza karatasi. Yote. Nyuma yangu kwenye foleni watu wakaguna. Akasoma haraka, kisha nikamwomba arudie mstari mmoja: kwamba mimi, niliyependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, nathibitisha kuwa marehemu hakuacha ndugu wa damu popote.

"Nani amewauliza huko ng'ambo?" nikasema.

"Aa, bibi, hayo ni maneno ya kawaida. Kila karatasi inaandikwa hivyo. Na ng'ambo ni mbali."

"Si mbali. Yeye alivuka akiwa msichana."

"Sasa unataka tufanyeje?"

"Kwanza nitume mtu akaulize."

Nikamrudishia karatasi yake ikiwa safi. Nyumbani, nilipotawadha kwa sala ya alasiri, nilisugua dole kwa sabuni na kwa mchanga, lakini wino wa zambarau uligoma kutoka. Nikaswali nao.